Maziwa Yaliyokataa Kuganda

Siku ya kuhamishwa, watu wa mlimani waliambiwa wachukue kila kitu muhimu, na Genoveva alikuwa mtu wa kutii. Akachukua jiwe la kusagia, ngozi za kulalia, picha ya Bikira Maria, mwanawe Nikolausi, na kibuyu cha maziwa alichopewa na mama yake siku ya kuolewa. Ng'ombe wakateremka kwa miguu yao. Kitu kimoja tu hakikuingia kwenye tela la trekta, nacho kilikuwa mti. Ulikuwa mzeituni wa porini, mzee, umesimama nyuma ya zizi tangu babu wa marehemu mumewe. Vijana wa Operesheni walikuwa na haraka ya kumletea Genoveva maendeleo, na hawakuja na shoka wala jembe la kung'olea mti wa namna ile. Walikuja na kiberiti, kwa ajili ya nyumba.

Asiyejua atauliza mti na maziwa wapi na wapi. Kule mlimani swali hilo hata mtoto asingeuliza. Mwanamke alikata kijiti cha mzeituni, akakichoma ncha mpaka ikawa kaa jekundu, akakitumbukiza kibuyuni na kukisugua huku na huku, moshi ukitoka mdomoni mwa kibuyu kama mzee anayevuta kiko. Kisha akakung'uta majivu, akapitisha ufagio wa mkia wa ng'ombe, akamimina maziwa mabichi, akaziba. Baada ya siku chache maziwa yameganda, mazito, na juu yake kuna harufu ya moshi ambayo ndiyo ilikuwa sahihi ya nyumba. Watu ambao hawakujua kuandika majina yao walisaini kwa maziwa. Mgeni akionja alijua hapa ni kwa nani, mti wake ni upi, na mama wa hapa ni msafi au anajisingizia. Ndiyo maana wakwe wakija hawakuanza na kuuliza ng'ombe ni wangapi. Walianza na kuomba maziwa.

Kijiji kipya kilikuwa uwandani, chini ya mlima Hanang, nyumba zimepangwa mistari minyoofu hata kuku wakashindwa kupotea. Kulikuwa na ofisi, mlingoti wa bendera, zahanati ya chumba kimoja, shamba la pamoja, na vumbi, ambalo ndilo lililogawiwa kwa usawa kuliko kitu kingine chochote. Miti haikuwapo. Basi tusimwonee Mwenyekiti Thadei: ilikuwapo mikaratusi michanga mbele ya ofisi, aliyoipanda kwa mikono yake mwenyewe. Yaani akinamama walichimba mashimo, akinamama wakabeba maji kutoka mtoni, naye akashika mche kwa vidole viwili wakati mgeni kutoka wilayani anatazama. Kila mkaratusi ulizungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa, na ilitangazwa kwamba ni mali ya umma. Umma ukaelewa kwamba hauruhusiwi kuigusa.

Hapo uwandani wanawake walifukiza vibuyu kwa miti ya miiba, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu. Eufrasia, jirani wa Genoveva mlango kwa mlango, alifukiza kwa mgunga na wala hakuona taabu. Maziwa yake yaliganda, watoto wake walikunywa, akalala usingizi.

"Maziwa yako yananuka mbuzi aliyenyeshewa," Genoveva alimwambia mara kwa mara, kwa upole, kama mtu anayemtakia mwenzake mema.

"Yangu yananuka mbuzi," Eufrasia alijibu, "yako yananuka tu."

Na hilo ndilo lilimuuma, kwa sababu lilikuwa kweli. Tangu ahamie kijijini, maziwa ya Genoveva yalikuwa yakiharibika. Alijaribu mgunga, yakawa machungu. Alijaribu kuni za dukani, yakaota ukungu. Alikwenda kwa Thadei kuomba ruhusa ya kupanda kule kwenye mahame yake akate vijiti vya mzeituni, maana njiani walikuwapo mgambo wa kurudisha watu. Thadei alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia kwamba kurudi mlimani ni kurudi nyuma.

"Ni kijiti tu, Mwenyekiti."

"Leo kijiti, kesho utataka nyumba."

Angevumilia, kwa kuwa kuvumilia ndiyo kazi aliyokuwa ameifanya kwa muda mrefu kuliko zote, lakini mwezi wa saba, baridi inauma, Nikolausi alikuja kukaa karibu na jiko na kuchokoa majivu. Nikolausi alikuwa kijana wa kimya tangu kuzaliwa, ila tangu amwone Konsolata, binti wa mzee Akonaay, kwenye mnada wa Katesh, kimya chake kilikuwa kimepata sababu.

"Mama," alisema, "wanakuja Jumapili."

"Nani wanakuja?"

"Mzee Akonaay na mkewe. Kuonja."

Genoveva aliweka chini mwiko. Mzee Akonaay alikaa njia ya kwenda Haydom, naye alijulikana wilaya mbili kwa ulimi wake. Ilisemwa kwamba akionja maziwa anakutajia mti, mlima, na upande wa mlima. Nyumba mbili zilizomtaka Konsolata alikuwa amekwisha kuzikataa, na zote alizikataa kwa maziwa. Ya mwisho, kwa mzee Gidamis, alitia ulimi tu, akaweka kata chini, akaulizia habari za mvua. Gidamis mpaka leo hataki kuzungumzia mvua.

"Mwanangu," Genoveva aliuliza, "huyu binti unamtaka kweli, au ni baridi?"

"Namtaka, mama. Nisipompata huyu sitaki mwingine."

Kijana ambaye kwa mwaka mzima hasemi maneno ya kujaza kiganja, leo amesema yote hayo kwa mara moja. Genoveva akajua mambo yamefika pabaya.

Kesho yake, Jumanne, ilikuwa siku ya mafunzo ya afya kwenye baraza la zahanati. Bwana Afya aliitwa Nandonde, ametoka Masasi, kwenye joto, na serikali kwa hekima yake ikampeleka Hanang. Alifundisha akiwa amevaa sweta juu ya sweta, koti juu ya sweta, na mafua juu ya vyote. Siku hiyo alikuwa na sufuria ya maji yanayochemka yenye majani ya mkaratusi, yale yaliyodondoka yenyewe, alisisitiza, maana Thadei alikuwa amekaa mbele. Akainamia mvuke, akajifunika blanketi, akatoka machozi yanamtiririka na pua imefunguka.

"Mmeona," alisema. "Ndani ya majani haya kuna mafuta. Ndiyo yenye hii harufu. Mkichemsha, yanapanda na mvuke. Na mafuta haya yana uadui mkubwa na wadudu wasioonekana kwa macho, wanaitwa bakteria. Msidhani nadharau mambo yenu. Hata nyinyi mnapofukiza vibuyu mnafanya ujanja huohuo. Moshi unawaua. Na tena nimesema mara ngapi, maziwa yachemsheni kwanza."

Genoveva, ambaye siku zote alikaa nyuma akisuka ukindu, aliacha kusuka.

"Shikamoo, Bwana Afya," alisema, ingawa Nandonde alikuwa sawa na mdogo wake wa mwisho, lakini alikuwa anataka kitu.

"Mama, mimi ndiye wa kukuamkia. Shikamoo."

"Marahaba. Hao wadudu ndio wanaoharibu maziwa?"

"Ndio haohao, mama."

"Na mkaratusi unawaua?"

"Mafuta yake, ndiyo. Sasa lazima nieleze kwamba si wadudu wote ni..."

Hapo akapiga chafya, akapiga nyingine, akatafuta leso kwenye koti, kwenye sweta, kwenye sweta la pili. Alipoinua uso aendelee, Genoveva hakuwapo. Alikuwa amehamishwa mlimani na watu wenye haraka, na kitu kimoja alijifunza kwao.

Jumatano asubuhi kijiji kizima kilikwenda shamba la pamoja. Genoveva alisema kichwa kinamgonga. Balozi wa nyumba kumi alimwona amejifunga kanga kichwani, akamhurumia, akampita. Watu walipopotelea kwenye mahindi, kichwa kikapona. Akaenda mbele ya ofisi, chini ya bendera, akavunja matawi ya mkaratusi wa kwanza. Akaona hayatoshi, akavunja ya wa pili. Wa tatu akauacha na majani machache ya juu, asionekane mwizi. Njiani alijifariji kwamba umma ni yeye pia, na kwamba maji ya miche hiyo aliyabeba yeye kwa kichwa hikihiki kinachouma.

Nyumbani alifanya kazi kama mtu anayeosha maiti ya mfalme. Alichemsha majani mpaka mafuta yakaelea juu kama macho madogo ya dhahabu, akayaengua kwa kijiko, akayapaka ndani ya kibuyu kwa ule ufagio wa mkia. Akachoma vijiti vya mkaratusi, akafukiza. Akafukiza tena. Moshi mara moja ni kwa wadudu wa kawaida, alifikiri, lakini hawa wa kijijini wamekwisha kuzoea shida. Akafukiza mara ya tatu. Kisha, kwa kuwa alitaka kutii mafunzo yote kwa pamoja, akachemsha maziwa, akaacha yapoe, akayamimina, akaziba. Nyumba nzima ilinuka zahanati. Paka akahamia kwa Eufrasia.

Ijumaa akafungua. Maziwa yalikuwa meupe, mazuri, hayana ukungu wala uchungu, na yalikuwa maji. Akatikisa kibuyu. Yakacheza ndani kama maji mtoni. Si kwamba yameharibika, la hasha. Yalikuwa salama salimini, kama yametoka kwenye chuchu sasa hivi. Yalikuwa yamekatazwa kuganda, na yametii.

Watu wa mahali pengine watasema si neno, maziwa ni maziwa. Lakini kule, maziwa mabichi ni ya mtoto, ya mgonjwa na ya paka. Mkwe ukimpa maziwa mabichi siku ya kuonja, umemwambia kwamba nyumba yako haina akiba, unakamua asubuhi na kumaliza jioni, na bintiye akija atakufa njaa siku ng'ombe atakapokauka. Ni tusi, na linatolewa kwa mikono miwili.

Genoveva alikaa akakitazama kibuyu cha mama yake. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu ahamie uwandani. Akavuka kwenda kwa Eufrasia kuomba.

Alimkuta Eufrasia ameshika kiuno, anatazama upande wa ofisi.

"Umesikia, Mama Nikolausi? Wamemkamata beberu wangu."

"Beberu? Kwa kosa gani?"

"Eti amekula mikaratusi ya Mwenyekiti. Amefungwa kwenye mlingoti wa bendera tangu jana. Jumatatu kesi. Nimemwambia Thadei, Mwenyekiti, mbuzi wangu hali majani ya dawa ya kifua. Ananijibu kwamba ushahidi wa mazingira unatosha, yeye ni mbuzi na ile ni miti."

Genoveva alitazama vidole vyake. Vilinuka mkaratusi hadi kwenye kiwiko.

"Masikini," alisema.

"Nani, mimi au mbuzi?"

"Wote." Kisha akaificha mikono nyuma. "Eufrasia, niazime kata moja ya mgando. Ya kuchochea."

Eufrasia hakucheka. Angecheka ingekuwa nafuu. Aliingia ndani taratibu, akatoka na kata iliyojaa, akampa kwa mikono miwili na heshima zote.

"Chukua, dada. Ila yananuka mbuzi aliyenyeshewa. Sasa hivi amefungwa, pengine harufu imepungua."

Genoveva akamimina mgando wa jirani kwenye kibuyu chake, akatikisa, akakifunika kwa blanketi la Nikolausi, akakiweka karibu na jiko. Jumamosi akafungua. Maziwa maji. Hata yale ya Eufrasia, yaliyokuwa mazito ya kushika kijiko, yalikuwa yamenyamaza ndani ya mengine, kama mtu mkorofi aliyeingizwa kwenye kamati.

"Basi chukua kibuyu changu chote," Eufrasia alisema alipokuja kuchungulia. "Wape mgando wangu, mambo yaishe."

"Atajua. Alikunywa kwako kwenye matanga ya baba mkwe wako."

"Mwaka gani huo? Atakumbuka wapi?"

"Huyo? Anakumbuka maziwa ya mama yake."

Jumapili wakaja. Mzee Akonaay alikuwa mrefu, mkavu, amejitanda blanketi jeusi, na mkewe Helena alikuwa mfupi, macho yanatembea kila pembe ya nyumba bila kichwa kugeuka. Upande wa bwana arusi msemaji alikuwa Thadei, kwa kuwa marehemu Tomaso, baba wa Nikolausi, hakuacha ndugu, na kwa kuwa popote penye kusema Thadei huwa hayuko mbali. Nandonde naye alialikwa, ili ionekane nyumba inaheshimiwa na watu wa serikali. Eufrasia alikuja kusaidia jikoni, ndivyo alivyosema, na akachagua jiwe la kukalia ambalo lilikuwa mlangoni kabisa.

Wakaamkiana. Wakaulizana ng'ombe, watoto, baridi. Thadei akasifu familia, akasifu kijiji, akaanza kusifu sera, Helena akakohoa. Genoveva akaleta kibuyu, akamimina kwenye kata, akampa mkwe kwa mikono miwili. Nikolausi alikuwa pembeni, anatazama sakafu kama ameandikiwa kitu pale.

Mzee Akonaay akanywa. Akanywa tena, kidogo. Akaweka kata chini.

"Mvua za mwaka huu," alisema, "zilikuwaje huku kwenu?"

Nikolausi akafumba macho.

"Mzee," Genoveva alisema, "mvua ilikuwa nzuri. Maziwa je?"

"Maziwa hayana neno. Umeyakamua leo asubuhi. Si vibaya, mama. Kila nyumba na uwezo wake."

"Ni ya Jumatano."

Helena akamgeukia polepole. "Mama mwenzangu, afadhali ungesema huna. Kukosa si dhambi. Maziwa ya Jumatano hayawi hivi, hata ungeyaombea."

"Ni ya Jumatano, nawaapia."

"Basi twende," mzee Akonaay alisema, akashika fimbo yake. "Nyumba isiyo na akiba nitaivumilia. Nyumba isiyo na akiba na yenye uongo, hapana."

Ukweli ulikuwapo, chini ya kitanda, kwenye gunia. Lakini mtu aliyekaa kiti cha msemaji wa ukoo, anayetafuna nyama ya ukoo, alikuwa ndiye mwenye mikaratusi. Akifungua gunia, atampoteza msemaji na kupata kesi. Asipolifungua, atampoteza Konsolata, na mwanawe atarudi kwenye kimya chake, safari hii moja kwa moja. Genoveva alimtazama Nikolausi. Kijana hakumtazama. Hakuomba chochote, na hilo ndilo lilikuwa baya zaidi.

"Nikolausi," alisema, "toa gunia."

Gunia likatolewa, likamwagwa katikati. Matawi ya mkaratusi, yaliyonyauka, na harufu ikajaa chumba kizima. Thadei aliacha kutafuna. Pale mlangoni Eufrasia aliinuka, akakaa tena.

"Nilivunja mimi," Genoveva alisema. "Bwana Afya alisema yanaua wadudu wanaoharibu maziwa. Nikapaka mafuta yake, nikafukiza mara tatu, na maziwa nikayachemsha. Jumatano. Nilitaka maziwa ya mkwe yasiharibike. Hayakuharibika. Ila na kuganda hayataki."

"Mara tatu?" Nandonde aliuliza kwa sauti ndogo. "Na mafuta?"

"Ulisema yana uadui."

Nandonde akashika kichwa. "Mama, siku ile uliondoka kabla sijamaliza. Kuna wadudu waharibifu na kuna wadudu wanaogandisha. Kugandisha nako ni kazi yao. Moshi wenu wa kawaida unapunguza wabaya, wengine wanabaki wanafanya kazi. Wewe umewaua wote. Hata waliokuwa wafanyakazi wako."

"Kumbe ni Operesheni," Eufrasia alisema kutoka mlangoni. "Wema na wabaya, wote kwenye tela."

Thadei akapangusa mikono, akasimama, akavaa ile sauti yake ya mkutanoni.

"Mimi nilikuja hapa kama msemaji wa familia hii. Lakini kwa masikitiko nasimama kama Mwenyekiti. Mama huyu ameharibu mali ya umma, chini ya bendera, wakati wa kazi, na alisema anaumwa kichwa. Suala hili ni zito."

"Mwenyekiti," mzee Akonaay alisema. Alikuwa bado ameshika fimbo, lakini hakuwa amekwenda popote. "Umma ndio nani?"

"Umma ni sisi sote, mzee."

"Na mimi wa kule njia ya Haydom?"

"Na wewe pia, bila shaka. Taifa ni moja."

"Basi mimi sehemu yangu nimekwisha kuinywa. Simdai." Akaketi. Akavuta pumzi ndefu kwa pua, akatoa, akavuta tena, uso ukawa wa mtu aliyekutana na ndugu aliyepotea. "Tena ngoja. Pua yangu imefunguka. Helena, nasikia harufu ya moshi. Nasikia hata nyama."

"Ilikuwa imeziba?" Helena aliuliza.

"Tangu tulipohamishiwa bondeni. Lile vumbi."

"Tangu wakati huo husikii harufu?"

"Sikutaka kukusumbua."

Helena akamtazama mumewe kama anavyotazamwa ng'ombe aliyekula kanga. "Kumbe yale maziwa ya kwa Gidamis uliyakataa kwa pua ipi?"

Mzee Akonaay alipata neno la kumwambia Thadei kuhusu mvua, lakini Thadei alikuwa na shughuli zake. Helena akachukua kata, akanywa mwenyewe, akalamba mdomo.

"Ni dawa ya kifua," alisema. "Lakini ni nzima. Tangu Jumatano nzima. Mimi kule kwangu maziwa ya juzi leo namwagia mbwa, naye ananiangalia." Akamrudishia Genoveva kata. "Mama mwenzangu, mwanamke akiiba miti ya serikali ili maziwa ya mkwe yasioze, ng'ombe wakikauka ataiba nini ili binti yangu ale? Mimi nimeridhika. Na huyu mzee ameridhika, ila anatafuta njia ya kusema. Konsolata mwenyewe alisema ndiyo tangu mnadani. Sisi tulikuja kuhakikisha heshima."

Nikolausi akainua macho kutoka sakafuni.

"Lakini," mzee Akonaay alisema, maana mwanamume hawezi kushindwa yote siku moja, "binti nimemtoa, mgando wangu nadai. Sitapeleka mtoto kwenye nyumba ambayo sijaionja. Nitarudi, pua ikiwa wazi hivihivi, nipewe mgando wa mti wenu wa asili. Ndipo ng'ombe wa mahari watembee."

"Mti wetu uko mlimani," Genoveva alisema. "Na kurudi mlimani ni kurudi nyuma. Mwenyekiti ndiye alisema."

Wote wakamgeukia Thadei. Pale alikuwa na kofia mbili kwenye kichwa kimoja: kama Mwenyekiti alitaka adhabu, kama msemaji wa ukoo alitaka arusi, kwa kuwa msemaji hupewa paja la dume. Akafikiri. Alionekana akifikiri, jambo ambalo wanakijiji hawakuliona kila siku.

"Adhabu," alisema hatimaye, "ni kwamba mama huyu atapanda mlimani, kwa gharama yake mwenyewe, akalete miche ya mizeituni ya porini, aipande badala ya mikaratusi aliyoiharibu. Ataimwagilia mpaka ishike. Na kama katika kung'oa miche kuna vijiti vitakatika kwa bahati mbaya, kijiji hakitahitaji kujua. Mgambo nitawaandikia."

Ndivyo Genoveva alivyohukumiwa kurudi kwenye mti wake. Alikubali adhabu kwa uso wa huzuni, akiinamisha kichwa ili watu wasimwone mdomo.

"Na mbuzi wangu?" Eufrasia aliuliza.

"Mbuzi gani?"

"Mfungwa, Mwenyekiti."

Thadei akakohoa. Alisema kesi ya mbuzi ilifunguliwa Alhamisi kwa utaratibu, na utaratibu unataka Jumatatu, kamati ikae. Eufrasia akamwambia kamati ikae hata sasa, wajumbe wako hapa na nyama imekwisha. Wakatoka wote pamoja, wakwe mbele, hadi kwenye mlingoti. Beberu alikuwa amesimama chini ya bendera, amekonda kidogo, ndevu zimejaa vumbi. Nandonde, ambaye siku hiyo alitaka kumaliza angalau somo moja, akachukua tawi la mkaratusi na kumsogezea puani. Beberu akalinusa. Akapiga chafya. Akageuza kichwa, akamtazama Mwenyekiti, akaanza kutafuna kamba ya bendera.

"Andikeni," mzee Akonaay alisema, "kwamba shahidi amesema."

Genoveva mwenyewe ndiye aliyemfungua. Alimvuta kwa kamba hadi mlangoni kwa jirani yake, na njiani Eufrasia hakumsaidia. Walipofika, Genoveva akamkabidhi ile kamba kwa mikono miwili.

"Nikirudi mlimani nitakuletea vijiti vya mzeituni," alisema. "Uache mgunga."

"Mgunga haujanifanyia kitu."

"Najua. Nitakuletea hata hivyo."

Eufrasia akamnusa beberu shingoni, taratibu, kama mtu anayeonja. "Kweli," alisema, "ananuka. Lakini hajanyeshewa. Kwa hiyo, Mama Nikolausi, yale maziwa yangu ulikuwa unayasingizia."

Genoveva akaingia kwake, akakigeuza kibuyu cha mama yake mdomo chini juani, kipigwe na jua mpaka kiusahau mkaratusi. Jioni yule paka akapita pale uani. Akakizunguka, akakinusa kwa mbali, akarudi kwa Eufrasia.